Sauti Yangu kwenye Simu ya Heri Kusini

Jumapili, Januari 11

Leo nimesoma somo la kwanza kanisani. Mikono ilitetemeka kama kawaida, lakini sauti haikutetemeka. Nikiwa na maandishi mbele yangu naweza kusomea kanisa zima. Nikitumwa chumvi dukani kwa Masoudi nasimama mlangoni mpaka aniulize nataka nini.

Baada ya misa alinifuata dada mmoja mwenye viatu visivyo na tope, ingawa sisi wengine wote tulikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Anaitwa Glorious. Ni afisa uhusiano wa Heri Kusini, kampuni ya malori yanayochukua makaa ya mawe Ngaka na kuyashusha ziwani.

"Mdogo wangu," aliniambia, "sauti hiyo umeificha wapi siku zote?"

Anataka nirekodi ujumbe wa simu ya ofisi yao, ule mtu anaousikia akipiga kabla hajapokelewa. Nilitazama chini. Bibi akanijibia: "Atakuja."

Alhamisi, Januari 15

Nimerekodi. Chumba chenyewe kipo nyuma ya ofisi yao mjini Mbinga, chini ya ngazi za kwenda mlango wa buluu wa mkurugenzi; wamesimamisha godoro dirishani ili honi za nje zisiingie. Maneno ni haya, nayaandika kwa sababu nimeyapenda:

"Shikamoo. Umepiga Heri Kusini, kampuni inayotembea na jamii yake. Tumekabidhi madawati shuleni, tunachimba visima, tunapanda miti. Tafadhali endelea kusubiri. Tunakusikiliza."

Kisha unapigwa muziki wa kinanda.

Nilijikaza nikauliza kama vijana wakipiga nao watapewa shikamoo. Dada Glorious alicheka. "Wanaopiga kulalamika ni wazee. Mzee ukishampa shikamoo yake, nusu ya hasira imekwisha." Nikaona ana akili sana. Alininunulia soda, akaniuliza ninasoma vitabu gani, na akasubiri nimalize kujibu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisubiri nimalize kujibu. Nataka kuwa kama yeye.

Jumanne, Januari 20

Darasa zima la Kidato cha Tatu limejua. Praygod amenipa jina: Tafadhali Endelea Kusubiri. Mwalimu akiniuliza swali nikachelewa, nyuma wanapiga kinanda kwa midomo.

Ila nimecheka kidogo.

Jumamosi, Januari 24

Heri Kusini wamekata mlima juu ya shamba letu ili malori yapate pa kuegesha kabla ya kuteremka kwenda Mbamba Bay. Maji ya mvua ya eneo lote hilo wameyaingiza kwenye mtaro mmoja, na mdomo wa mtaro unatazama ngolo za Bibi.

Ngolo ni yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo tunachimba kwenye mteremko, yakipakana kama masega ya nyuki. Mvua ikinyesha kila shimo linapokea maji yake na udongo haukimbii. Za Bibi zilichimbwa na mama mkwe wake. Chini yake kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna nyumba.

Bibi Luisa alisimama pale juu na jembe begani akautazama mtaro kama anavyomtazama mtu aliyeingia bila hodi.

"Maji yakija yametawanyika, ngolo zinakunywa," alisema. "Yakija yote kwa mlango mmoja zitatapika."

"Wageuze mtaro tu, Bibi. Upande wa pili kuna korongo."

"Basi waambiwe."

Jumanne, Februari 3

Mvua kubwa. Ngolo za juu kabisa zimejaa mchanga mweusi wa makaa.

Nilikuwa dukani kwa Masoudi alipoingia Mzee Tarsisi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kupiga simu Heri Kusini. Masoudi akamwekea spika kwa sababu mzee hasikii vizuri. Sauti yangu ikatoka: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Tarsisi, akavua kofia.

Nilipomaliza kusema tunakusikiliza, kinanda kikaanza, naye akaanza. Alieleza vizuri kuliko mwalimu wetu wa jiografia: mtaro ulivyo, korongo lilipo, nyumba ya Bibi Luisa, kaya nyingine zilizo chini yake. Alisema kwa upole, akishusha pumzi ili anayesikia aandike. Kinanda kikaendelea. Mwisho simu ikakata.

"Salio?" aliuliza Masoudi.

"Hapana, tumemaliza." Akanigeukia. "Asante, Lidia. Umenisikiliza vizuri. Hukunikatiza hata mara moja."

Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka alipo, na kopo la mafuta mkononi.

Nilidhani labda upo mtambo unaorekodi.

Alhamisi, Februari 5

Mvua.

Jumatatu, Februari 9

Mvua. Wazee wengine watatu wamepiga. Wote wananishukuru njiani.

Jumamosi, Februari 14

Heri Kusini wamekuja shuleni kukabidhi mipira na jezi. Kulikuwa na bango, mpiga picha, na mkurugenzi wao ambaye alipiga mpira teke ukaenda kwenye maua ya mkuu wa shule. Tulipiga makofi. Madawati tunayokalia yana jina la kampuni kwa rangi nyekundu, na rangi hiyo hubaki kwenye sketi zetu.

Dada Glorious aliniita kando, akanishika bega. Nikamuuliza: wazee wanapozungumza wakati kinanda kinalia, nani anawasikia?

"Wanazungumza?" Alitumbua macho, kisha akacheka mpaka akajishika kifua. "Wanakijibu kinanda? Jamani, wazee wetu!"

"Mzee Tarsisi alieleza habari za mtaro. Unaelekea kwa Bibi yangu."

"Lidia, hakuna anayesikia, mpenzi. Mapokezi hatuna mtu tangu mwaka jana. Ujumbe unaisha, muziki unapiga, laini inakata." Aliona uso wangu akalainisha sauti. "Lakini usiwaambie. Mtu akishasema, anapoa. Hiyo nayo ni huduma kwa jamii."

Nikamwambia tena habari za mtaro. Akasema atazifikisha kwa wahusika, huku anamtazama mpiga picha. Kisha akakimbia kupanga watoto kwa urefu.

Nimeandika maneno yake yote bila kubadilisha hata moja. Mtu akishasema, anapoa. Nitayatunza.

Jumatano ya Majivu, Februari 18

Nimepakwa majivu, nikatoka kanisani moja kwa moja kwa Mzee Tarsisi. Nilimwambia ile si simu ya mtu, ni sauti iliyorekodiwa, hakuna aliyemsikia, lazima waende ofisini wenyewe.

Alinitazama kwa huzuni.

"Lidia, mimi nimeongea na wewe. Umeniamkia, umeniambia mnanisikiliza. Leo unaniruka?"

"Sikuwa mimi, Mzee. Ni sauti tu."

"Sauti ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni wewe." Akainuka. "Kama mabosi wako wamekukataza kutusaidia, sema wamekukataza. Usinifanye mtoto."

Mke wake aliyekuwa anapepeta maharage akasema bila kuinua kichwa, "Watoto wa ofisini ndivyo walivyo."

Sijalia njiani. Nilipofika nyumbani ndipo nimelia. Sauti yangu ya kwenye simu inaaminiwa kuliko mimi mwenyewe.

Padri ametuambia kila mmoja achague cha kuacha Kwaresima hii. Wengine wameacha sukari. Mimi ningetakiwa kuacha hasira, lakini ndiyo kwanza nimeipata.

Jumatatu, Februari 23

Nimekwenda ofisini kwao baada ya vipindi. Mlinzi hakuniruhusu kupita. "Piga simu kwanza," aliniambia. "Namba ipo ukutani."

Jumanne, Machi 3

Nimerudi shule nikamkuta Bibi amekaa kizingitini, anatabasamu.

"Nimekupigia leo kwa simu ya Masoudi. Umeniamkia vizuri, kama mtoto aliyelelewa."

Nikaketi karibu yake nikamweleza. Yeye aliniamini. Aliondoa majani ya kahawa yaliyonasa kwenye khanga yake, moja moja.

"Kwa hiyo nilimwambia nani kwamba ninaogopa?"

Bibi hajawahi kuniambia mimi kwamba anaogopa. Amekiambia kinanda.

Ijumaa, Machi 6

Mvua mchana kutwa.

Jumapili, Machi 8

Tulikuwa kanisani, mimi na Bibi, na hiyo ndiyo sababu tuko hai. Wakati wa matoleo tulisikia mlio kama lori linamwaga mzigo. Watu hawakugeuka, kwa sababu malori tumeyazoea. Baadaye kidogo mtoto wa Mzee Tarsisi akaingia na tope mpaka kifuani, akatembea katikati ya kanisa hadi kwenye benchi letu.

Ngolo zilitapika kama Bibi alivyosema. Za juu zilijaa, zikapasuka, zikaziangukia zilizofuata, na zote zikashuka pamoja na kahawa. Jiko limekwenda. Ukuta wa nyumba wa upande wa mlimani umelala ndani, juu ya kitanda cha Bibi. Mlima umebaki na kovu jekundu, na juu yake mtaro ulikuwa bado unamwaga kana kwamba haujafanya kitu.

Bibi hakupiga kelele. Alitafuta jembe lake kwenye tope kwa miguu, akitembea polepole na kukanyaga huku na huku, mpaka akalipata. Akalivuta, akalifuta kwa khanga yake ya kanisani.

Mzee Tarsisi alisimama mbele yangu mbele ya watu wote. "Nilikueleza, Lidia! Nilikueleza kila kitu! Ukaninyamazia!"

Watu wakanitazama. Praygod alikuwepo. Hakupiga kinanda.

Sikumchukia Mzee Tarsisi. Nilipokuwa nimesimama pale nilimfikiria mtu mmoja tu, na viatu vyake visivyo na tope.

Jumatano, Machi 11

Mama amepanda kutoka Mbamba Bay, anakouza usipa, dagaa wa ziwani, akamchukua Bibi. Mimi nimebaki kwa jirani kwa ajili ya shule. Heri Kusini wametuma blanketi moja na mpiga picha.

Jumamosi, Machi 14

Nimeshuka ziwani kumwona Bibi. Joto linakunywesha maji bila kiu. Mama amempa chumba kizuri kinachotazama Nyasa, lakini Bibi amegeuza kiti chake. Anatazama milima.

"Unaonaje huku, Bibi?"

"Huku hakuna mteremko. Nikitembea naona kama nimelewa." Mama akacheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Samaki hali, anasema wanamtazama. Amekonda. Jembe lake liko nyuma ya mlango, na jirani mmoja amemuuliza kama analiuza.

Alipokuwa ananisindikiza stendi alinishika mkono. "Mtaro bado uko pale pale?"

"Bado, Bibi."

"Basi sitarudi. Siwezi kulala chini ya kitu hicho. Na huku nitakufa kwa uvivu."

Ndani ya gari nimeamua. Sijasali kabla ya kuamua, kwa sababu nilijua nitaambiwa nisamehe.

Jumatano, Machi 18

Dada Glorious mwenyewe ndiye ameniletea nafasi. Alipiga kwa Masoudi akaniulizia. Pole sana kwa yaliyompata Bibi, kampuni imeguswa, na wanataka ujumbe mpya kwa ajili ya Pasaka, wenye maneno kuhusu msaada wa wahanga wa mvua. Ana shughuli ya bonanza la mpira, hawezi kunifuata. "Rekodi tu kwenye simu, mdogo wangu, nitumie. Wewe nakuamini. Nikisikia mwanzo tu najua ni safi, nampa kijana wa mitambo aweke."

Nikisikia mwanzo tu.

Nilimweleza Masoudi. Alikuwa anapanga tende kwa ajili ya futari. Akafikiri huku ameshika pakiti.

"Mimi nimefunga, siwezi kusema uongo," alisema. "Wewe umefunga, huwezi kulipa kisasi. Sasa kazi hii ataifanya nani?"

"Mimi. Na hakuna uongo ndani yake."

"Basi simu hii hapa. Nenda stoo, kwenye magunia ya sukari, hakuna mwangwi."

Nilisoma mara moja tu, na mikono nayo haikutetemeka:

"Shikamoo. Umepiga Heri Kusini, kampuni inayotembea na jamii yake. Msimu huu wa Pasaka tuko pamoja na wote walioathirika na mvua. Mimi ni Lidia, mjukuu wa Bibi Luisa. Muda huu siko kwenye simu, niko shuleni. Hapa hakuna mtu. Uliyoyasema Februari hayakufika. Uliyoyasema Machi hayakufika, na mlima umeanguka. Usizungumze na kinanda. Mkurugenzi anakaa juu, mlango wa buluu, nenda ukamwambie usoni. Dada Glorious wa uhusiano amesema mtu akishasema, anapoa. Nenda kabla hujapoa."

Nilipotoka Masoudi alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa stoo. "Huyo wa kusimama mlangoni na kuogopa kuomba chumvi," alisema, "ni pacha wako?"

Jibu la Dada Glorious lilikuja kabla ya futari: kidole gumba na moyo mwekundu.

Jumatatu, Machi 23

Wameweka. Nimesikiliza kwa Masoudi mpaka mwisho. Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tope.

Jumanne, Machi 24

Nilihakikisha nipo dukani Mzee Tarsisi alipokuja. Hatusalimiani siku hizi, yaani namwamkia na yeye anaitikia ukuta. Masoudi akaweka spika.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema Mzee kwa hasira, tayari kuanza. Kisha akaisogelea simu. Alisikiliza mpaka kinanda. Akasema, "Rudia." Masoudi akapiga tena. Mzee akanitazama mimi, akaitazama simu, mdomo wangu, simu.

"Kumbe ni wawili," alisema kwa sauti ndogo.

Alivaa kofia yake. "Nani ana pikipiki?"

Alhamisi, Machi 26

Wamekwenda. Nimehadithiwa na Praygod, ambaye kaka yake ni bodaboda na aliwapeleka yeye na wenzake. Mlinzi alisema wapige simu kwanza. Mzee Tarsisi akapiga pale pale getini, kwa spika, na mlinzi akasikia ujumbe wote. Akafungua geti.

Walipanda ngazi na viatu vyenye tope, wazee wa kitongoji kizima na akina mama wa vitongoji vya jirani ambao nao wamekuwa wakikiambia kinanda mambo yao. Mlango wa buluu ulikuwepo. Kila mmoja alimwambia mkurugenzi kwa zamu, kwa upole, akimaliza anaketi sakafuni na haondoki. Mkurugenzi alijaribu kumpigia Dada Glorious. Yeye alikuwa uwanjani, anagawa jezi.

"Walimwita akaja," alisema Praygod. "Mkurugenzi akamwambia apige namba ya kampuni mbele ya watu. Akapiga. Lidia, anasema kaka yangu, yule dada alikuwa mweupe kama unga. Ulisema vile kweli? Nenda kabla hujapoa?"

"Nilisema."

Hakuniita lile jina tena. Nilimwambia anisimulie upya tangu alipoitwa, na asiruke kitu.

Ijumaa, Machi 27

Mkuu wa shule ameniita. Kampuni imelalamika, na angependa niombe radhi mstarini, kwa heshima ya madawati. Nilitikisa kichwa kukataa. Mwisho akatazama rangi nyekundu kwenye sketi yangu akasema, "Rudi darasani."

Jumatatu, Machi 30

Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kimekuja kufukua. Mtaro umegeuzwa kwenda korongoni. Kazi ya asubuhi moja tu! Nilisimama kuangalia mpaka kikaondoka. Kazi ya asubuhi moja, na Januari mlima ulikuwa bado mzima.

Dada Glorious amefukuzwa kazi. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo: nimefurahi.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 5

Bibi amepanda kurudi, akiletwa na Mama. Aliposhuka kwenye gari alisimama kwenye mteremko, akapumua, akasema, "Ah. Sasa naona ninakokanyaga." Alikwenda kuuangalia mtaro kwanza, nyumba baadaye. Ukuta vijana wameuinua kwa matofali mabichi.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 6

Leo Mzee Tarsisi ameitisha sengu. Huo ni mlo wa pamoja ambao wazee wetu wa Kimatengo wanautumia kumaliza maneno: waliokosana wanakula sahani moja, na wakishanawa baada ya kula, jambo hilo halitajwi tena mpaka kaburini. Nilidhani ni kati yangu na yeye. Aliniomba msamaha, nikamsamehe kabla hajamaliza sentensi.

Kisha nikamwona Dada Glorious anakuja kwa miguu kutoka barabarani. Alivaa kandambili. Bibi ndiye aliyemwita.

Alipiga magoti mbele ya Bibi akalia, na najua kilio cha kweli kilivyo. Alisema ana mdogo wake anasomea uuguzi, alisema hakudhani mlima unaweza kuanguka, alisema aliona wazee wanachekesha tu. Bibi akamwinua, akamkalisha kwenye mkeka, akamwagia maji mikononi. Akanigeukia na birika.

"Nawa, Lidia."

Sahani ilikuwa katikati, ugali na maharage ya Bibi mwenyewe, maharage ya mwisho ya ngolo zile. Mzee Tarsisi alikuwa amenawa. Glorious alikuwa amenawa. Hakuna anayeweza kuanza mpaka mikono yote iingie.

"Sijashiba hasira, Bibi," nilisema. Watu wengi walikuwepo na sauti yangu ilitoka bila kusoma popote.

"Mimi ndiye niliyeangukiwa na mlima. Nimenawa."

"Wewe umenawa. Mimi bado."

Glorious alinyanyua macho. "Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo."

Ugali ulikuwa unapoa na hakuna aliyeugusa. Mama alininong'oneza nisiwaaibishe wakubwa. Mzee Tarsisi alitazama kofia yake. Bibi alinisubiri, akahamishia birika mkono wa pili, na bado sikunyoosha mikono yangu. Mwisho akaweka birika chini. Alimega sehemu yangu ya ugali, akaweka na maharage kwenye bakuli, akaifunika. Kisha akawaambia wengine wale.

Glorious alikula huku anatazama lile bakuli.

Jumanne, Aprili 7

Bakuli liko mezani, limefunikwa. Bibi amewakataza watu wote kuligusa, na kuku wamefukuzwa mara mbili. Ameniambia litakaa hapo mpaka nile, na likiharibika atapika lingine aliweke pale pale.

Amekwenda kovuni na jembe. Anaanza ngolo mpya kutoka juu. Nimelipita lile bakuli nikiwa na njaa, nikachukua jembe la Mama, nikamfuata. Tumechimba hadi mchana. Mashimo manne yamekamilika, na kila nilipopiga jembe nilijua ninampiga nani.